Nani Anangojea Jibu la Mwanafunzi?

Wasikilizaji wa Lweba, wa Baraka, hapa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, na ninyi wote mlio kando ya Ziwa Tanganyika mnaotusikia jioni hii, nanyi walimu mnaosahihisha madaftari kwa mwanga wa tochi ya simu: leo tuzungumze habari ya masomo.

Naanza na swali la hesabu. Pano ya jua ya wati 50, ikipigwa na jua kali kwa saa 5, inatoa umeme kiasi gani? Mwanafunzi wa mwaka wa saba atazidisha 50 kwa 5, atapata wati-saa 250, atapiga mstari chini ya jibu. Mwalimu ataweka alama ya vema kwa biki nyekundu, na habari itaishia hapo.

Sasa tuligeuze swali. Mama mmoja wa sokoni amepata pesa za zamu yake ya likelemba. Anataka kununua pano hiyo hiyo ya wati 50 na betri yake, afungue kibanda cha kuchajisha simu. Anakuja shuleni kuuliza: nitachaji simu ngapi kwa siku, na pesa yangu itarudi baada ya muda gani? Kuzidisha ni kule kule, 50 mara 5, lakini sasa darasa limeamka. Betri ya simu kubwa za siku hizi ina uwezo wa miliampea-saa 4,000 hivi, kwa volti 3.8, maana yake ni wati-saa 15. Gawanya 250 kwa 15, unapata simu 16. Mtoto mmoja wa fundi atainua mkono: mwalimu, umeme wote haufiki, betri inakula na nyaya zinakula. Basi toeni theluthi moja. Zinabaki simu 11. Mwingine atasema: lakini bibi yangu ana simu ndogo ya vitufe. Kweli, betri ya simu ile ni ndogo, labda miliampea-saa 1,000, haifiki wati-saa 4. Kwa umeme uleule zingeingia zaidi ya 40. Kwa hiyo jibu la yule mama haliko kwenye ubao. Inabidi watoto watoke wakahesabu: kijijini kuna simu kubwa ngapi, ndogo ngapi? Msimu wa mvua jua linapungua saa ngapi? Kibanda cha jirani kinatoza faranga ngapi?

Hapo somo limekuwa na fizikia, hesabu za sehemu, wastani, uchunguzi wa watu, na barua ya kuandika mwishoni kwa yule mama, maana anangojea. Tena akidanganywa, pesa yake itapotea. Mtoto anayejua kwamba kosa lake litamgharimu mtu anakagua hesabu mara mbili bila kuambiwa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema jioni hii, na sitaki kulizungusha. Kazi ya darasani inakuwa ya kweli pale ambapo kuna mtu nje ya darasa anayelihitaji jibu. Simu, tableti, redio na kompyuta vinasaidia sana vikiingia kuitumikia kazi ya namna hiyo. Vikiingia peke yake, vinasaidia kidogo, na mara nyingine havisaidii kabisa.

Najua wapo watakaosema: hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna programu ya serikali ya kufuata. Walimu wa sayansi wanaonisikiliza wanajua kwamba programu yenyewe ndiyo inayodai hivyo. Toka mwaka wa masomo 2018–2019, programu mpya za hesabu na sayansi za mwaka wa saba na wa nane katika nchi yetu zimejengwa juu ya njia ya hali halisi: kila somo linaanza na hali fulani ya maisha, na mwanafunzi anatafuta maarifa ili aishughulikie hali hiyo. Tena teknolojia ya habari na mawasiliano imewekwa ndani ya programu hiyo, pamoja na fizikia. Kwa hiyo mwalimu wa Lweba akiingiza pano ya jua ya mama wa sokoni kwenye fishi yake ya matayarisho, hajatoka nje ya programu. Ameitii zaidi ya yule aliyeinakili.

Maana tabu iko kwenye kunakili. Hali iliyoandikwa kwenye kitabu ni mfano tu. Mwandishi wake aliketi mbali, hakuweza kujua kama wanafunzi wako wanaishi kando ya ziwa, kwenye milima ya dhahabu au katikati ya jiji. Mwalimu anayeinakili neno kwa neno anawapa watoto hali ya watu wengine.

Kenya wameliona jambo hili kwa macho. Walipoleta mtaala wao wa umilisi, ulioitwa CBC, uliojaribiwa toka 2017 na kusambazwa toka 2019, nia ilikuwa njema: mtoto atende, aache kukariri. Kati ya kazi walizopewa watoto ilikuwa kutengeneza sanamu ya kutisha ndege shambani. Kwa mtoto wa kijijini mwenye shamba la mtama, hiyo ni kazi hasa. Lakini wazazi wa mijini, wanaokaa ghorofani kusiko na hata tuta moja la mchicha, nao walionekana wakitafuta fimbo na nguo kuukuu usiku, ili mtoto asiadhibiwe asubuhi. Wengine walilipa kwenye vibanda vya intaneti kuchapisha picha ambazo mtoto hakuzitazama mara mbili. Kelele za wazazi zilikuwa kubwa hata serikali mpya ikaunda jopo la kupitia elimu mwaka 2022. Kazi ileile, kweli huku na bandia kule. Hakuna wizara inayoweza kumfanyia mwalimu uchaguzi huo. Anaujua yeye aliye mahali.

Na vyombo je? Nitoe habari mbili za vyombo, maana watu wengi wanaamini tableti ikifika, elimu imefika.

Ya kwanza ni ya Peru, Amerika ya Kusini. Nchi ile ilinunua kompyuta ndogo kwa wingi kwa ajili ya watoto wa vijijini. Watafiti wakafuatilia shule 319, na matokeo yakatolewa 2012: watoto waliopata kompyuta hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Sitakaa sana hapo.

Ya pili ni ya jirani na lugha yetu, nayo ina matumaini zaidi. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto kama 2,700 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya dunia, Global Learning XPRIZE, na Tanzania iliyapokea pamoja na UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Vituo vya kuchaji kwa jua viliwekwa vijijini. Watoto 74 kwa kila 100 walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kwa 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Zawadi waligawana washindi wawili, onebillion na Kitkit School, mwezi wa tano 2019.

Mimi naona heshima kubwa katika habari hiyo. Mtoto asiye na mwalimu, chini ya mwembe, anajifunza herufi peke yake kwa Kiswahili! Asiyefurahi ana moyo mgumu. Lakini tazameni pia ile nusu iliyobaki. Na wale waliofika, wamefika kwenye neno. Kutoka kwenye neno kufika kwenye barua, kwenye hesabu ya kibanda, kwenye kuuliza swali ambalo programu ya tableti haikuliwaza, hapo anatakiwa mwalimu na inatakiwa kazi yenye mtu anayeingojea.

Hata hapa Fizi vyombo si ndoto. Tuna ndugu zetu wakimbizi wa Burundi pale Lusenda, kambi iliyofunguliwa 2015. Toka 2013 UNHCR na Vodafone Foundation walianza mpango wao wa shule za mtandao kwa wakimbizi na wenyeji wao, mpango uliofika Kongo, Kenya na Tanzania: tableti, umeme wa jua, mawasiliano ya intaneti, na mafunzo kwa walimu. Sanduku walilolitengeneza mwanzoni lilikuwa na kilo 52 na tableti 25. Ni jambo jema. Lakini shule nyingi za pwani yetu hazitaliona sanduku hilo kesho wala keshokutwa, na simo katika wale wanaosema tukae tulingoje. Mwalimu mmoja mwenye simu moja ya kugusa, darasa la watoto 60 au 70, vijiti, kamba, chupa tupu na ziwa: hivyo tunavyo leo.

Ziwa lenyewe la Tanganyika, wasikilizaji, ni maabara ambayo shule za Ulaya zingelipa pesa kuipata. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolipita. Urefu wake unazidi kilometa 670, na linagusa nchi 4. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Na mnakumbuka lilivyopanda miaka hii, 2021, na tena 2024, likaingia nyumbani mwa watu Uvira na Bujumbura, likala fukwe za kwetu. Kila mtu alikuwa na maneno yake: limepanda sana, limeshuka kidogo, mwaka jana lilifika mnazi ule. Nani alikuwa na namba?

Darasa moja linaweza kuwa na namba. Chukueni mti mnyoofu, utiwe alama kwa kila sentimeta 5, usimamishwe kwenye gati ambapo mitumbwi inafungwa. Kila asubuhi saa ile ile watoto wawili wa zamu, pamoja na mtu mzima, wanasoma maji yamefika wapi. Siku ya kwanza watagombana, mmoja atasema 85, mwingine 110, kwa sababu ya mawimbi. Muwaache wagombane! Hapo ndipo sayansi inapozaliwa. Baadhi watasema tuchukue juu na chini ya wimbi, tujumlishe, tugawe kwa mbili. Wengine, wakisaidiwa kidogo, watagundua ujanja unaotumiwa na wapimaji wa maji dunia nzima: bomba la plastiki lililosimamishwa majini, lenye tundu dogo chini. Nje mawimbi yanacheza, ndani ya bomba maji yametulia, na kipimo kinasomeka.

Simu inaingia wapi? Inaingia kupiga picha moja kila juma, mahali palepale, pembe ileile, ili baada ya muhula mzima watu waone ufuko ulivyosogea. Inaingia kutunza jedwali, ili daftari likilowa namba zisipotee. Na inaingia kupeleka namba hizo kwa wanaozingojea: chefu wa kijiji anayetaka kujua kama nyumba za mwisho zihame kabla ya mvua za mwezi wa nne, kituo cha afya kinachojua kwamba maji ya ziwa yakiingia vyooni, kolera inafuata. Hapa kwetu kolera si habari ya vitabuni. Namba za watoto, zikipimwa vizuri, zitamfaa muuguzi. Chora mstari wa mvua iliyopimwa kwa chupa iliyokatwa, chora mstari wa ziwa, vilinganishe: ziwa halipandi siku ileile ya mvua, linachelewa. Kwa nini? Mtoto wa mwaka wa nane aliyejiuliza swali hilo kwa namba zake mwenyewe ameshaanza jiografia ambayo hataisahau baada ya mtihani.

Tukae bado kando ya maji. Mnajua wavuvi wetu wanavyofuata giza: mwezi ukijaa, taa haziwavuti ndagala, mitumbwi inapumzika. Basi bei ya ndagala sokoni inafuata mwezi angani. Wanafunzi waandike bei ya beseni kila siku ya soko kwa miezi mitatu, waweke kando yake umri wa mwezi, wachore. Atakayechora mstari huo atauelewa kuliko grafu yoyote ya kitabu, kwa sababu anajua harufu yake.

Na kuna kazi nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa kuwa wanaongojea jibu lake ni mama zetu. Ndagala wanaoanikwa mchangani wanakauka, lakini wanabeba mchanga, mvua ikija wanaoza, kuku nao wanapita. Ng'ambo ya ziwa, Burundi, FAO ilieneza vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka chini. Je, kwetu kichanja kinalipa gharama yake? Darasa ligawe ndagala wabichi wa uzito mmoja sehemu mbili, moja mchangani, moja kwenye kichanja kilichofungwa kwa wavu mkuukuu. Wapime muda kwa simu, wapime uzito kabla na baada, wapige picha, wawaulize wanunuzi wawili watatu wangelipa ngapi kwa kila fungu, bila kuwaambia lipi ni lipi. Hapo kuna asilimia, kuna biolojia ya kuoza, kuna uchumi, na kuna adabu ya uchunguzi, yaani kutomsukuma mnunuzi kwenye jibu unalolitaka. Mwishoni watoto watawaeleza mama zao matokeo, kwa Kiswahili au kwa Kibembe, kisha watayaandika kwa Kifaransa kwa ajili ya mwalimu. Mtoto aliyeshaelewa jambo kwa lugha yake anatafuta maneno ya Kifaransa akiwa na kitu cha kusema. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inazipa lugha zetu nafasi katika kufundisha. Tuitumie nafasi hiyo bila aibu.

Wapo wanaodhani haya ni mageni. Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, mwalimu kijana aliyeitwa Célestin Freinet alinunua mashine ndogo ya kuchapa kwa herufi za risasi. Alikuwa amerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na pafu lililojeruhiwa. Hakuweza kupaza sauti mbele ya darasa siku nzima. Mashine ile ilikuwa teknolojia ngeni shuleni wakati huo. Lakini angalieni alivyoitumia. Hakuwachapia watoto masomo yake. Watoto walitembea kijijini, wakarudi wakaandika walichokiona, wakachapa wenyewe. Mwaka 1926 akapata mwenzake, mwalimu Daniel, upande wa pili wa nchi, Brittany, kando ya bahari, na madarasa yao yakaanza kupelekeana maandishi na vifurushi. Mtoto wa mlimani alipanga herufi moja moja, akasahihisha tahajia kwa uchungu, kwa sababu kulikuwa na mtoto wa pwani atakayesoma.

Sisi tuna nafasi bora kuliko yake. Familia nyingi za Fizi zilivuka ziwa miaka ya vita, na kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, imepokea watu wa Kivu Kusini toka 1996. Watoto wa Kikongo kule walifundishwa kwa programu ya Kongo, ileile ya hapa. Tuseme darasa la sita la Lweba linaandikiana na darasa la watoto waliokulia ng'ambo. Wanarekodi sauti ya mzee akieleza zamani ndagala walivyovuliwa kwa mienge, wanaiandika, wanaisahihisha, wanaituma kwa simu ya mwalimu. Kule wanauliza: mzee alimaanisha nini kwa neno hili? Sarufi yote mnayoitaka imo katika kulijibu swali hilo. Na hakuna atakayechoka kuandika mara ya pili, kwa kuwa binamu yake atacheka tahajia mbaya.

Niseme sasa juu ya hatari moja, maana nimeiona ikiharibu jina la jambo jema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea: shule iwe na shamba, mtoto ajifunze kwa kutenda. Wazo lilikuwa kubwa. Lakini katika shule nyingi shamba likawa jembe tu. Hakuna aliyepima mbegu, hakuna aliyelinganisha mbolea, hakuna mtoto aliyeulizwa tupande nini. Kwetu wazee wanakumbuka salongo, ile kazi ya lazima ya wakati wa Zaire. Kwa hiyo mzazi anayesikia "kazi halisi" ana haki ya kuuliza: ni kazi ya nani? Kumtuma mtoto achote maji nyumbani kwa mwalimu, avune muhogo wa direkta, si somo, hata kama jasho ni la kweli. Kipimo changu ni hiki: mtoto amefikiri nini pale ambacho asingekifikiri kwenye benchi? Asipokuwa na la kujibu, arudi darasani. Na kwenye ziwa hakuna mtoto anayeingia peke yake. Upepo wa Tanganyika tunaujua. Picha za watoto nazo zisipelekwe ovyo kwenye magrupu ya simu bila ruhusa ya wazazi.

Mzazi mwingine ataniuliza habari ya mtihani. Mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa, na mwisho wa sekondari kuna Examen d'État, unaofanywa toka 1967, wenye maswali mengi ya kuchagua jibu. Je, kupima ziwa kutampa mwanangu asilimia 50? Hofu hiyo naiheshimu. Mzazi ametoa pesa, anataka diploma. Lakini sipendekezi kuacha mazoezi ya mtihani. Napendekeza kazi moja kubwa kwa muhula, iliyochaguliwa ndani ya yale ambayo mtihani utauliza: asilimia, grafu, wastani, nishati, muhtasari wa maandishi. Mtoto aliyetoa theluthi ya umeme uliopotea kwenye nyaya za mama wa sokoni hatababaishwa na swali la theluthi lenye majibu ya kuchagua.

Redio nayo ina deni. Zanzibar, toka 2006, watoto wadogo walikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, wanasimama, wanahesabu kokoto, redio inaendelea. Hapa Kongo, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwezi wa tatu 2020, Radio Okapi ilianzisha Okapi École, masomo yakafika mahali intaneti haifiki. Sisi wa redio za pwani tunaweza kufanya sehemu yetu: dakika kumi kwa juma, watoto wa shule moja wasome hewani kipimo cha ziwa, bei ya ndagala na matokeo ya kichanja. Mtoto anayejua kwamba Jumamosi atasikika mpaka Baraka hataleta namba ya kubuni. Msikilizaji mvuvi atapiga simu kumpinga, na mtoto atalazimika kujitetea kwa daftari lake.

Limebaki suala la pesa, na hapa nawaelekea wazazi wa COPA, kamati ya wazazi, na wakubwa wa shule walioko kwenye COGES, kamati ya usimamizi wa shule. Toka masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu anayesahihisha madaftari 70 hawezi pia kununua mega kwa mshahara wake ili apeleke rekodi za darasa ng'ambo. Simu ni yake, betri inachakaa kwa kazi ya shule, na akichaji kwenye kibanda analipa yeye. Kwenye orodha yenu ya matumizi kuna chaki, kuna madaftari ya wito, kuna kufuli ya ofisi. Katika kikao kijacho ongezeni mistari miwili: kuchaji simu ya darasa, na mega za muhula. Mpeni mwalimu mmoja tu kwa kuanzia, yule mnayemwamini, na mwisho wa muhula mwiteni pamoja na wanafunzi wake waje mbele ya kikao kueleza walichopima, walichokosea katika kupima, na nani alipewa jibu. Waulizeni maswali magumu. Mkiona hesabu imekaa sawa, muhula unaofuata mpeni wa pili.